Maswali ya Wasomaji: Viatu Vyekundu vya Dorothy

SWALI: Natengeneza nakala ya viatu alivyovaa Judy Garland akiigiza Dorothy kwenye filamu ya The Wizard of Oz (1939). Vimetameta vyangu (vile vipande vidogo vya kung'aa vinavyoshonwa juu yake) vinawaka kama chungwa, na kila nikivivaa hupukutika mstari mzima. Nakosea wapi?

JIBU: Umenunua nyekundu kali. Vya asili vilikuwa damu ya mzee, kwa kuwa mtambo wa Technicolor, wa kupigia filamu za rangi, wa wakati ule uligeuza wekundu mkali ukaonekana rangi ya chungwa. Tafuta vimetameta bapa vya milimita 5, rangi hiyo. Loweka vitano kwenye maji usiku kucha. Maji yakiwa mekundu, achana navyo, jasho litavichuja vivyo hivyo. Kila kiatu hula zaidi ya 2,000. Nunua 6,000 kwa mkupuo mmoja, maana rangi za mizigo miwili hazilingani.

Kupukutika kunatokana na uzi. Ukishona safu nzima bila fundo, uzi ukikatika mahali pamoja safu yote inakwenda. Piga fundo kila baada ya vimetameta 10. Tena usishone juu ya kiatu chenyewe. Funika kiatu kwa selotepu ya karatasi, chora mstari katikati ya sehemu ya vidole na nyuma ya kisigino, kata, bandua, ndiyo ramani yako. Ihamishie kwenye oganza (kitambaa chepesi kinachopenyeza mwanga) nyekundu, ongeza sentimita 1.5 pembeni, shona ukianzia upande wa soli kupanda juu, kila safu ikifunika tundu za safu ya chini, kama magamba ya samaki. Acha ukingo mtupu. Utaujaza kitambaa kikishakaa kiatuni. Gundi ipake kingoni tu. Ikipenya oganza, vimetameta hufifia na havifufuki.

Kiatu chenyewe kiwe cha kuchuchumia, cha satini nyeupe, ukitie rangi nyekundu kwanza. Nyeupe ikibaki chini, itachungulia mguu unapokunjika.

Kipepeo cha mbele, lile pambo la fundo la utepe, ndicho wengi hukiharibu kwa utepe laini. Cha asili ni cha ngozi: katikati vito vitatu vikubwa vya kioo chekundu vya mstatili, vikizungukwa na shanga ndefu nyekundu iliyokoza, na ukingoni vito vidogo vyekundu vilivyoshikwa na vikombe vya rangi ya fedha. Kishone kiatuni kwa uzi mara mbili; gundi peke yake haiwezi uzito huo.

Kama utacheza navyo, bandika felti (kitambaa kizito cha sufi iliyoshindiliwa) chini ya soli. Jozi mojawapo ya filamu ilifanyiwa hivyo kuzima kishindo.