Kumtazama dubu Yellowstone: hatua thelathini ni karibu mno

Ndugu, umeuliza kama hatua thelathini zinatosha kumpiga picha dubu jike mwenye watoto. Hapana, tafadhali usithubutu. Kanuni ya Yellowstone, hifadhi ya taifa huko Marekani, ni yadi 100, yaani kama mita 91, na kwa jike mwenye watoto ningependa uongeze. Dubu wa kahawia anaweza kukimbia kilomita 56 kwa saa. Hakuna binadamu wa kumshinda mbio.

Chukua darubini nzuri. Nenda bonde la Lamar au Hayden alfajiri, egesha gari pahali palipotengwa, kisha tulia. Utamwona akipindua jiwe kwa mkono mmoja, akilamba wadudu waliojificha chini yake, mtoto akichungulia ubavuni. Hayo huyaoni ukimsogelea, maana ataacha kula akuangalie wewe.

Ukitembea kwa miguu, nendeni watatu au zaidi, mkiongea kwa sauti ili msimshtue. Kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu likae kiunoni, siyo ndani ya begi! Jizoeze kulichomoa. Akikurukia, puliza akiwa umbali wa kama mita 9, ukilenga chini kidogo ili wingu limkute usoni.

Mkikutana ghafla, usikimbie. Rudi nyuma polepole. Na chakula usimwachie hata ganda, kwa sababu dubu aliyezoea vyakula vya watu mara nyingi huishia kuuawa.