Jibu kwa mdogo wangu wa Ujiji kuhusu udaktari na uandishi ughaibuni

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba pale Ujiji inasemwa nimekuwa daktari wa Wazungu na mtunzi wa hadithi, kwamba ninakula kuku kwa mrija, na sasa nawe unataka kuiacha kazi yako ya udaktari hapo Maweni unifuate. Maneno hayo yameniudhi, kwa hiyo nitakujibu bila kuficha.

Daktari aliyesomea nje ya Uingereza hutakiwa kufaulu mtihani wa Kiingereza, kisha mtihani wa utabibu wenye sehemu mbili, ndipo asajiliwe, na kila hatua ina ada yake. Muda wote niliokuwa nikidunduliza ada hizo nilifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, nikiwaogesha na kuwabadilisha nepi. Kuogesha mzee si aibu, kwani mama alimwogesha babu mbele ya macho yetu. Kilichoniumiza ni usiku ambao mzee mmoja, miguu imemvimba, alishindwa kulala chali huku kifua kikimkoroma. Nilitambua kwamba moyo unashindwa kazi, nikamweleza msimamizi, naye akaniambia nirudi kwenye beseni langu. Gari la wagonjwa liliitwa alfajiri, na mzee yule hakurudi. Asubuhi ile niliandika kurasa nne kwa Kiswahili, nyuma ya ratiba ya zamu, na hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika.

Watu hunitajia Anton Chekhov ili kunitia moyo. Mrusi huyo aliwalisha wazazi na ndugu zake kwa visa alivyoviuzia majarida alipokuwa akisomea udaktari Moscow, akaanza kutema damu mwaka 1884, mwaka uleule aliohitimu, na akafariki mwaka 1904 akiwa na miaka 44 tu. Mimi hadithi zangu hazijanipa hata nauli ya treni ya Tabora hadi Kigoma. Fedha ninazowatumia hutoka hospitalini, na zinapochelewa huwa nimeugua, ila namwambia mama kwamba benki ina matatizo. Naomba anisamehe.

Usije, mdogo wangu. Mama amebaki na wewe tu. Lakini ukiwa umekwisha kuamua, fanya kwanza sehemu ya kwanza ya mtihani, ambayo hufanyika pia nje ya Uingereza, wala usikanyage huku ukitegemea kupita kwenye beseni kama mimi. Kuandika hakusubiri viza. Kile kisa chako cha mama mjamzito aliyeletwa Kibirizi kwa mtumbwi usiku wa mvua, nitumie wiki hii, hata kama hakijaisha.