Ukitaka udaktari wa meno Marekani, anza kuhesabu kutoka Juni

Tanzania mtu hutoka kidato cha sita akaingia udaktari wa meno moja kwa moja. Muhimbili ni miaka mitano. Marekani unasoma kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne, ndipo uanze minne ya chuo cha meno. Katika ile minne ya mwanzo, wengi huponzwa na ratiba.

Tarehe ya kushika ni mwanzoni mwa Juni, ukimaliza mwaka wa tatu. Ndipo AADSAS, mfumo wa pamoja wa maombi, unapoanza kupokea fomu. Vyuo vingi huita watu kwenye usaili kadiri fomu zinavyoingia, na majibu ya kukubaliwa huanza kutoka katikati ya Desemba. Anayetuma Oktoba anagombea mabaki, hata awe na alama nzuri. Na ukishatuma, uhakiki wa matokeo yako unaweza kula wiki nne hadi sita.

Sasa rudi nyuma. Kemia ndiyo inayobana: mihula miwili ya kemia ya jumla, miwili ya kemia kaboni, kisha baiokemia, na huwezi kuruka ngazi. Vyuo vingi hufungua sehemu ya kwanza ya kila somo muhula wa Agosti au Septemba tu. Ukisema "nizoee chuo kwanza" ukaiacha kemia muhula wa kwanza, umesogeza mlolongo mzima kwa mwaka. Baiolojia na maabara yake ianze mwaka huohuo.

Fizikia isikuharakishe. Haimo kwenye DAT, mtihani wa kuingilia, kwa hiyo ipeleke mwaka wa tatu pamoja na baiokemia. Kuibana mwaka wa pili, kemia kaboni ikiwa mezani, ni njia ya uhakika ya kupata C mbili. Na C haifutiki: hata chuo chako kikihesabu alama mpya pekee ukirudia somo, AADSAS huhesabu zote mbili.

DAT ifanye likizo ya kiangazi baada ya mwaka wa pili, kemia kaboni ikiwa bado mbichi kichwani. Sayansi ni maswali 100 kwa dakika 90: 40 ya baiolojia, 30 kwa 30 ya kemia hizo mbili. Kuna ufahamu na hesabu pia, lakini kinachowashangaza wengi ni sehemu ya maumbo, maswali 90 kwa dakika 60. Unaonyeshwa karatasi ikikunjwa mara mbili tatu na kutobolewa. Ikikunjuliwa, matundu yatakuwa wapi? Hili halikaririwi. Dakika 20 kila siku kwa miezi miwili zinasaidia kuliko wikendi nzima ya kukesha. Ukiboronga, unasubiri siku 60 kabla ya kurudia, na mwaka mzima bado unao.

Kumfuata daktari wa meno kazini kuanze mwaka wa kwanza, saa nne kwa wiki zinatosha. Wengi hulenga saa 100, na daktari zaidi ya mmoja. Andika palepale tarehe, saa na ulichoona; ukisubiri miaka mitatu utabaki kubuni. Barua za walimu wawili wa sayansi ziombe Februari ya mwaka wa tatu, maana Mei wamezama kwenye kusahihisha mitihani.

Orodhesha kila chuo ulichowahi kusoma, hata kile ulichochukua somo moja ukiwa sekondari. Nakala moja ya matokeo ikikosekana, fomu nzima inakaa ikisubiri.

Na kama uko kwa viza ya mwanafunzi, soma masharti ya kila chuo kabla ya kulipa ada ya maombi: baadhi hupokea raia na wenye green card tu, na mkopo wa serikali kuu hupati.