Mkuu usiloweke bado! Nusu pamba nusu poliesta si pamba

Mleta mada, simama hapo hapo. Umeuliza dawa ya kuzuia moto, na hiyo "boraksi 7 kwa asidi ya boriki 3, loweka, anika" uliyopewa ni ya pamba tupu. Wewe mwenyewe umeandika malighafi yako ni nusu pamba nusu poliesta (nyuzi za plastiki), unaibana kwa sindano upate tabaka la kujazia viti. Mimi hapo ndipo nilipounguza mtaji, na sisemi kwa mafumbo.

Poliesta peke yake ikiguswa na moto hujikunja, huyeyuka, hudondoka, mara nyingi na moto unaondoka nayo. Pamba haiyeyuki, inabaki mkaa. Zichanganye sasa: mkaa wa pamba unaishika poliesta iliyoyeyuka isidondoke, inawaka palepale kama mafuta ya taa kwenye utambi. Umeitibu pamba, mafuta umeyaacha.

Aliyeniuzia dawa alichoma kipande mbele yangu, kikazimika, nikampa hela huku nacheka. Kumbe alichoma pamba ya hospitali! Nilipomrudia ananiambia labda sikukoroga vizuri. Nikoroge nini, uji? Mzigo wote wa mteja ulikuwa umeshalowa. Ukakauka umelala, ukibonyeza haurudi, na vidole vinatoka na unga mweupe wa chumvi. Mke wangu akauliza kama nimeanza kuoka maandazi.

Kwa hiyo kabla ya chochote: kata kipande cha mchanganyiko WAKO, uzito ule ule, umekwisha kubanwa na kutiwa dawa. Kining'inize wima, washa ukingo wa chini sekunde 12, ondoa moto, utazame. Usikilaze, moto hupanda, ukikilaza unajidanganya. Mwali ukizimika usiondoke, subiri uone kama ndani bado kunafuka. Mwali boraksi inauweza, ila huo moto wa kufuka ndio kazi ya asidi ya boriki. Fanyia nje, na ndoo ya mchanga pembeni.

Kuhusu tabaka kurudi likibonywa: dawa itie ya unga kwenye nyuzi kabla ya kuzichana kwa mashine kama nywele, usizizamishe majini. Zipo pia nyuzi za poliesta zenye ganda linaloyeyuka kwenye joto la 110 hivi, zinashikanisha tabaka na kulipa mnepo. Ila hiyo ni poliesta nyingine umeongeza, kwa hiyo unakata kipande kingine na unachoma UPYA.

Kufua? Boraksi inaondoka na maji. Bei na mashine ulizouliza watakujibu wengine. Weka hapa picha ya kipande kilichochomwa kabla hujaagiza hata gunia moja.