Theolojia wanasoma nini hasa? Jibu kwa kijana anayetaka kujiunga na chuo

Mkuu, umeuliza kama theolojia ni kusoma Biblia tu miaka yote hiyo, na kama ni kweli anavyosema mjomba wako kwamba ukienda huko imani itapoa. Mimi nimepita chuo cha theolojia cha Kilutheri na sasa niko usharikani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Biblia inasomwa, tena sana, ila si kama ulivyozoea Jumapili. Chukua Yeremia 29:11, ule mstari wa "mawazo ya amani" uliojaa kwenye kalenda na kadi za mahafali. Darasani hatukuruhusiwa kuugusa kabla ya kusoma sura ya 27 hadi 29 mfululizo. Hapo unakuta kumbe ni barua, imetoka Yerusalemu kwenda kwa waliohamishwa Babeli mwaka 597 K.K. Katika sura ya 28 yupo nabii mwingine, Hanania, anayewatangazia watu kwamba shida itaisha ndani ya miaka miwili, na anaivunja hadharani nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Yeremia anaandika kinyume chake: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, kwa kuwa ni miaka sabini. Maana yake wengi waliosomewa barua ile wangefia ugenini. Mwalimu akauliza, "Sasa huyu aliyepewa kadi ya mahafali ameahidiwa nini?" Tulibishana mpaka kipindi cha mwenzake kikaliwa.

Hiyo ndiyo eksejesia: nani kaandika, kwa nani, kwa sababu gani, na nakala za kale zinasemaje. Hilo la nakala ndilo huwashtua wengi. Marko 16:9-20, kwa mfano, haimo katika Sinaitiko wala Vatikano, nakala mbili maarufu za karne ya 4. Unafundishwa kupima ushahidi wa namna hiyo bila kupaniki.

Matawi mengine ya theolojia yanaupokea mstari uleule wa Yeremia na kuuliza yao. Theolojia ya mafundisho, ambayo Wakatoliki huiita ya dogma, inauliza: kama Mungu anapanga, uhuru wa mtu uko wapi, na mateso je? Hapa mimi nampenda Thoma wa Akwino, mwanatheolojia Mkatoliki wa karne ya 13; Mlutheri nisemaye hivyo sijui wenzangu watanielewaje. Anaanza na hoja za upande wa pili, anazipanga vizuri, kisha ndipo anajibu moja baada ya nyingine. Theolojia ya kichungaji nayo inakupeleka msibani: mama kafiwa na mwanawe, utamsomea mstari huu au utanyamaza ukae naye?

Historia ya Kanisa itakuponya maneno ya vijiweni, kama lile kwamba Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliochagua vitabu vya Biblia. Nisea ilishughulika hasa na mafundisho ya Ario, padre aliyesema kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo tunaikuta katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367.

Maadili, liturujia na misioni utayakuta mbele ya safari. Seminarini kwa Wakatoliki utaanza na falsafa kwanza.

Usiache theolojia ya Kiafrika. Padre Charles Nyamiti, Mtanzania, alijenga fundisho la Kristo kama Mhenga wetu. Binafsi linanipa shida, kwa sababu usharikani kwangu wapo wanaoogopa wahenga kuliko kuwapenda. Lakini fuata njia yake: anachukua undugu tunaoujua, anauliza ni wapi unamfaa Kristo na ni wapi unapwaya. Njia hiyo utaitumia hata ukilikataa jibu lake.

Kuhusu mjomba: wapo wenzetu walioyumba, hasa mwaka wa kwanza, na wengi wao walikuwa hawajawahi kusikia maswali haya popote kabla ya darasani. Mwambie mjomba akuulize yale magumu sasa hivi, ukiwa bado nyumbani.

Kabla ya kulipa ada, omba mtaala. Kama Kigiriki na Kiebrania vimewekwa kwa muhula mmoja tu, au ni vya kuchagua, ulizia chuo kingine. Na anza alfabeti ya Kigiriki sasa, maana huko utaikuta wiki ya kwanza na hakuna atakayekusubiri.