Mlango mpya wa nje umewekwa sawasawa? Tunajibu maswali yenu

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu mlango wa nje uliowekwa karibuni, na karibu yote yanarudi palepale: mwanya kati ya mlango na fremu. Usimruhusu mtu ashike randa, nyundo wala silikoni kabla mwanya huo haujakaguliwa, maana ndio unaoonyesha kosa liko wapi.

Fundi amesimamisha mlango leo, na kesho anataka kupiga lipu pembeni. Nikague nini kabla hajafunika?

Umeuliza kwa wakati unaofaa. Baada ya lipu, kila marekebisho huanza kwa kubomoa.

Tafuta pimamaji ndefu, angalau mita 1.2. Ile fupi inaweza kukuonyesha kuwa fremu imenyooka wakati mwimo, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, umebonyea katikati. Anza na mwimo wa bawaba, kwa sababu huo ndio unaobeba uzito wote. Uupime mara mbili: kwanza uso unaotazama ndani ya uwazi, kisha uso unaokutazama wewe ukiwa umesimama mbele ya mlango. Mafundi wengi hupima uso wa kwanza tu, na kosa linalosumbua baadaye hujificha kwenye wa pili. Kisha pima mwimo wa kitasa na ubao wa juu. Kuinama kukizidi milimita 3 kwa urefu wote wa mlango, mrudishe fundi kazini.

Halafu chukua futi kamba upime kona hadi kona, yaani juu kushoto hadi chini kulia, kisha kinyume chake. Fremu yenye uwazi wa mita 2 kwa sentimita 90 itakupa takriban mita 2.19 kila upande. Namba yenyewe si muhimu sana. Muhimu ni vipimo viwili vilingane, tofauti isipite milimita 3. Pima pia upana juu, katikati na chini. Katikati pakiwa pembamba, povu la kujazia uwazi kati ya fremu na ukuta, au kabari, limesukuma mwimo kwa ndani. Pakiwa papana, skrubu imekazwa mahali pasipo na kabari nyuma yake, ikauvuta mwimo ukutani.

Mwisho, hesabu vishikizo. Cha kwanza kiwe kama sentimita 15 kutoka kona, na kati ya kimoja na kingine pasizidi sentimita 60. Kwa mlango wa mita 2 hiyo ni skrubu 4 kila upande. Nyuma ya kila bawaba na nyuma ya kitasa lazima kuwe na kabari ngumu. Ukisukuma mwimo kwa kiganja hapo ukanepa, kabari haipo.

Nikiuacha mlango nusu wazi, unajifunga wenyewe. Bawaba ni mbovu?

Bawaba mara nyingi hazina kosa. Mlango unaoachwa nusu wazi unapaswa kubaki palepale. Ukitembea wenyewe, mstari wa bawaba umeinama na mlango unateremka kuelekea upande wa chini. Rudi kwenye ule uso wa pili wa mwimo wa bawaba tuliousema hapo juu. Mara nyingi huko ndiko utakakokuta hitilafu.

Dawa yake ni kulegeza vishikizo vya mwimo huo, kusogeza kabari, kupima, na kukaza tena. Kuna mafundi wanaopinda pini ya bawaba kidogo ili ikaze na mlango utulie. Usikubali. Fremu bado itakuwa imeinama, na pini iliyopindwa italika upande mmoja.

Tofautisha hali hiyo na mlango unaofungika vizuri lakini ukaribiapo kufika unarudi kama una springi. Huo una bawaba iliyochimbiwa kina kupita kiasi, au kichwa cha skrubu kilichobaki juu kikizuia mabawa mawili ya bawaba yasikutane.

Mlango wa mbao una wiki chache tu. Kona ya juu inasugua mwimo wa upande wa kitasa, na chini unaburura kwenye kizingiti. Fundi anataka kuupiga randa.

Mzuie kwanza. Mlango huo umelala, yaani umeshuka upande wa kitasa. Simama ndani, ufunge, uangalie mwanya kuanzia kwenye bawaba ya juu. Mwanya unaotakiwa pembeni na juu ni kama milimita 3, na uwe sawa njia nzima. Kwako, bila shaka utakuta umepanuka karibu na bawaba ya juu na kubana kwenye kona ya kitasa. Sasa ufungue nusu, shika mpini, uunyanyue taratibu huku mwenzako akitazama bawaba ya juu. Bawaba ikisogea kutoka kwenye mbao, skrubu zimeachia. Zikipigwa fupi, zinashika mbao ya fremu peke yake, na mlango mzito huzing'oa kidogo kidogo.

Ng'oa skrubu moja ya bawaba ya juu, ile iliyo karibu zaidi na katikati ya unene wa ukuta, weka ya milimita 75 ipite fremu hadi ukutani. Kwenye tofali au zege lazima kwanza utoboe na kutia plagi ya kushikilia skrubu. Skrubu tupu haitashika. Hakikisha kuna kabari nyuma, la sivyo utapinda mwimo. Ukiikaza utaona kona ya chini ikinyanyuka kutoka kwenye kizingiti. Mlango mzito wa nje unahitaji bawaba 3, si 2, na hilo nalo likague.

Skrubu zikiwa imara na mwanya bado unabana, huenda mbao imevimba. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa mlango. Ukiguswa na nyuzi za mbao kavu zinazokwaruza badala ya ulaini wa rangi, umepata jibu: ukingo haukupakwa, na unyevu unaingilia hapo. Ukingo wa juu nao husahaulika sana. Ngoja mbao ikauke, ndipo randa ipite kama bado inahitajika, na sehemu iliyorandwa ipakwe siku hiyohiyo.

Juu mlango unagusana vizuri na mpira wa kuzuia upepo, lakini chini upande wa kitasa upepo unapita. Niongeze mpira mnene?

Mpira mnene utakulazimisha kuusukuma mlango kwa bega kila siku. Jaribu karatasi kwanza: ifungie mlangoni, kisha ivute. Inapaswa kukwama kidogo kila mahali. Zunguka mlango mzima, weka alama inapoteleza.

Ikiteleza kwenye kona moja tu, fremu imejipinda au mlango wenyewe umejipinda. Ili kujua ni kipi, funga nyuzi mbili kwenye uso wa fremu, kila moja kutoka kona hadi kona ya mkabala, zikazwe. Mahali zinapokutana katikati ziguse tu. Ubadili uzi ulio juu uwe chini, utazame tena. Zikiachana kwa milimita 4 na ni kona moja tu iliyotoka, basi kona hiyo imetoka milimita 8, na hakuna mpira utakaoziba hilo vizuri. Fremu irekebishwe. Nyuzi zikigusana sawasawa, lawama ni ya mlango. Mlango mpya uliojipinda hivyo urudishwe ulikonunuliwa.

Mvua ikipiga, maji yanaingia chini. Fundi ameshaweka silikoni mara mbili.

Silikoni imewekwa mahali ambapo maji yanaonekana, na mara nyingi siko yanakoingilia. Weka pimamaji juu ya kizingiti: kiteremke kwenda nje. Kikiwa bapa au kimeelekea ndani, hakuna gundi itakayoshinda maji.

Kikiwa sawa, tumia mpira wa bustani wenye maji ya kawaida, si yale ya kusukumwa kwa mashine. Mmoja akae ndani na tochi. Anza chini kabisa, kwenye kiungo cha kizingiti na sakafu, dakika 5 hivi, kisha panda kwenye kona ambazo miimo inakutana na kizingiti, kisha pembeni, mwisho juu. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua chanzo. Zile kona mbili za chini ndizo zenye kesi mara nyingi, pamoja na sehemu ya chini ya kizingiti, ambapo gundi ilipaswa kutandazwa kabla hakijalazwa.

Kama kizingiti ni cha alumini au plastiki, tafuta vitundu vidogo upande wa nje. Ni vya kutolea maji yaliyoingia kwenye mfereji wake. Fundi akiviziba kwa silikoni, maji hujaa na kumwagikia ndani.

Nitajuaje kama kitasa kinashika kweli?

Paka chaki kwenye ncha ya komeo, funga, fungua, utazame bamba la kwenye fremu. Chaki ikiwa pembeni mwa tundu, komeo linagonga chuma na halitoki lote, na komeo lililotoka nusu linaweza kusukumwa likarudi. Tundu lichimbwe hadi komeo liingie zima. Bamba lishikwe kwa skrubu ndefu, milimita 75, zifike ukutani. Kama mlango unafungukia nje, bawaba ziwe za pini isiyong'oka.

Povu limefurika nje ya fremu. Liachwe?

Hapana. Likishakauka likatwe kwa kisu lilingane na ukuta, kisha lifunikwe kwa lipu au ubao, kwa kuwa jua hulifanya kuwa la manjano na kupukutika. Na ukilikata, chungulia ndani ya mwanya: ukikuta povu tupu, bila skrubu wala kabari, fremu haijashikwa na kitu. Povu hujaza uwazi na kuzuia upepo. Kubeba mlango haliwezi.