Mapaja ya baba yamepotelea wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina dume wa kondoo ana mapaja manene balaa, ukimtazama kwa nyuma utadhani kajazwa. Nilimpandishia majike ya kawaida na kama nusu ya watoto wakatoka na mapaja kama ya baba yao, nikafurahi kweli. Nikawabakiza wale majike wanene, nikawapandishia dume mwingine wa kawaida, na hapo sijaona hata kitoto kimoja chenye mapaja! Damu imeisha? Niwauze?

JIBU: Usiuze kwanza ndugu yangu, damu haijaisha, imejificha. Hayo unayoeleza yanafanana mno na jeni inayoitwa kalipiji, jina la Kigiriki lenye maana ya makalio mazuri. Ilianza kuonekana kwa dume mmoja wa aina ya Dorset aliyezaliwa Oklahoma, Marekani, mwaka 1983, akaitwa Solid Gold, na baadaye watafiti wakakuta ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika kwenye kromosomu ya 18. Herufi moja!

Sasa utamu wake uko hapa. Mtoto anatoka na mapaja pale tu anapoirithi jeni hiyo kwa baba huku ya mama ikiwa ya kawaida. Akiipata kwa mama peke yake, hana kitu cha kuonyesha, na hata akiipata kwa wote wawili anaonekana wa kawaida vilevile. Kwa hiyo wale majike wako wanene waliirithi kwa baba, wao wakaipitisha kwa watoto kama mama, ikanyamaza. Lakini chukua madume waliozaliwa na majike hao, hao hao wanaoonekana wembamba, wapime DNA, maana karibu nusu yao wanayo na wakipanda majike ya kawaida mapaja yanarudi. Na usihukumu mapema, watoto wa kalipiji huzaliwa kawaida kabisa, misuli huanza kutokeza wakifika kama mwezi hivi.

Ila nikuambie ukweli, mimi nisingeikimbilia jeni hii. Misuli inaongezeka kama theluthi na mafuta yanapungua, sawa, lakini nyama ya mgongoni inakuwa ngumu, kwa sababu mnyama ana protini nyingi ya kalpastatini inayozuia vimeng'enya vinavyolainisha nyama baada ya kuchinja. Mteja akishatafuna mara moja akachoka taya harudi.

Wafugaji wa kondoo aina ya Texel wana njia nyingine, kwao jeni ya miostatini, ile breki ya misuli, imelegea, hilo lilielezwa mwaka 2006, nayo haichagui baba wala mama, mtoto akipata nakala mbili ndiyo misuli inakolea zaidi.

Na kama unachotafuta ni watoto wazito wakati wa kuachishwa ziwa, hiyo ni habari nyingine kabisa, uzito huo unabebwa na jeni nyingi, kila moja na kamchango kadogo, pamoja na maziwa ya mama na malisho, hakuna kipimo cha jeni moja kitakachokupa jibu hapo. Mizani na daftari tu, kila mtoto na jina la baba yake NA la mama yake.